Dawa ya Daktari, Bangi na Haki ya Mfanyakazi

Hotuba kwa wananchi wa Kata ya Matwebe, Wilaya ya Rungwe



  Tunajua kuwa wengi wenu mmeacha kazi za shamba ili kutusikiliza, na kwa sababu hiyo hatutapenda kuwachosha kwa maneno ya utangulizi.

Tulipopita katika wilaya hii mara iliyotangulia, tulizungumza juu ya dawa zilizokwisha muda na dawa bandia. Baada ya mkutano mama mmoja alibaki nyuma mpaka watu wote walipoondoka. Mwanawe alikuwa ameajiriwa kiwandani, aliteleza akaumia mgongo, na tangu hapo hakulala usiku kwa maumivu. Rafiki yake alimletea kichupa cha mafuta kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, pamoja na karatasi yenye mhuri, akamwambia kuwa hiyo ni dawa ya bangi na kwamba huko imeruhusiwa. Kisha kazini kukatangazwa kuwa wafanyakazi watapimwa mkojo. Mama akatuuliza: “Mwanangu akipimwa, karatasi hii itamwokoa?”

Tulimjibu kwamba haitamwokoa. Lakini jibu fupi namna hiyo halimtoshi mtu mwenye mtoto anayelia usiku, na tuliondoka siku hiyo tukijua kuwa tulikuwa na deni. Leo tumekuja kulilipa.

Tuanze na bangi yenyewe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuilima, kuimiliki, kuisafirisha, kuiuza na kuitumia. Hakuna utaratibu katika nchi yetu unaomwezesha daktari kumwandikia mgonjwa bangi, wala duka la dawa kumuuzia. Kuigeuza kuwa mafuta, pipi, biskuti au majani ya kuchemsha hakuibadilishi jina mbele ya sheria, kwa kuwa sheria inahesabu pia mchanganyiko uliotengenezwa kutokana nayo. Mtu anayekutwa na kichupa kile hataulizwa kwanza kama mgongo unamuuma.

Twajua yanayosemwa, kwa sababu redio na simu zimefika kila mahali. Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya tiba na viwanda. Zambia ikafuata mwaka 2021. Uingereza imewaruhusu madaktari bingwa kuiandika tangu Novemba 2018, na Kanada iliweka utaratibu wake kwa wagonjwa tangu 2001. Mnamo tarehe 2 Desemba 2020, huko Vienna, kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi katika jedwali la mwisho la Mkataba wa mwaka 1961, lile la vitu vilivyohesabiwa kuwa na hatari kubwa na faida ndogo ya tiba. Hayo yote ni kweli. Lakini kura ile ile iliiacha bangi katika jedwali la kwanza, penye udhibiti mkali, na ikaiachia kila nchi kujiamulia. Huko Malawi kwenyewe, ruhusa ni ya mwenye leseni. Si ruhusa ya kila mtu kuvuta wala kujaza vichupa na kuviuza stendi. Na hata ingekuwa hivyo, ruhusa ya nchi moja haivuki daraja la Kasumulu pamoja na abiria wake.

Haya yanawahusu pia ndugu zetu wanaorejea nyumbani kutoka Ulaya au Marekani ya Kaskazini. Wapo waliozoea kuandikiwa dawa hiyo kihalali na daktari wao wa huko. Wakifika hapa nayo, cheti cha daktari wa London au Toronto hakiwalindi. Mwenye ndugu wa namna hiyo amweleze kabla hajapanda ndege, ili azungumze na daktari wake juu ya dawa nyingine atakayoitumia akiwa Tanzania.

Kijana mmoja aliwahi kutuuliza, na aliuliza vizuri: mbona mofini inatokana na afyuni, nayo afyuni imekatazwa, lakini hospitali inampa mgonjwa wa saratani? Kwa nini mmea mmoja ukubaliwe na mwingine ukataliwe? Tunasema kwamba linaloangaliwa ni njia ambayo dawa imepita, kuliko mmea ilikotoka. Mofini ya hospitali imepimwa, kiasi chake kinajulikana kwa miligramu, imeandikwa katika kitabu, imetolewa kwa jina la mgonjwa mmoja, na yupo anayewajibika ikiwa imemdhuru. Kichupa cha yule kijana hakikuwa na lolote kati ya hayo. Hakuna aliyejua kilichomo, pengine hata aliyekijaza. Hata huko Marekani, dawa ya kifafa iliyotengenezwa kutokana na mmea wa bangi iliidhinishwa mwaka 2018 baada ya kufanyiwa majaribio kwa wagonjwa, na iliidhinishwa kwa aina chache tu za kifafa kikali. Si kwa mgongo, si kwa kisukari, si kwa kila gonjwa ambalo wauza vichupa hulitaja.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa kwa muda, ndugu wananchi. Hofu ya bangi imewafanya watu wengi waogope hata dawa zao halali. Tumekutana na mfanyakazi aliyeacha vidonge vya kifafa kwa sababu alisikia kwamba “kazini wanapima dawa”. Tumekutana na dereva aliyemeza dawa za maumivu kwa kificho kama mwizi, ilhali alikuwa na cheti mfukoni. Watu hawa walikuwa na haki na hawakujua.

Zipo dawa nyingi halali zinazogusa utendaji wa kazi. Fenobabitali ya kifafa huleta usingizi, hasa katika wiki za mwanzo. Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, hulegeza mwili na akili. Amitriptilini, kodeini, tramado na mofini nazo vilevile. Tusiisahau Piritoni, kidonge kidogo cha mafua na mwasho ambacho kila nyumba inacho na hakuna anayekihesabu kuwa dawa ya kuogopwa; mwendesha bodaboda aliyemeza Piritoni asubuhi na kushuka nayo mteremko wa Tukuyu yuko hatarini kuliko anavyofikiri.

Dawa hizo zikiandikwa na daktari na kutolewa katika hospitali au famasi iliyosajiliwa, hakuna kosa kuzitumia. Kuna kosa, au tuseme kuna hatari inayoweza kugeuka kuwa kosa, katika kufanya nazo kazi isiyofaa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na inamtaka mfanyakazi naye ajilinde na awalinde wenzake. Sheria ya Usalama Barabarani inakataza kuendesha chombo cha moto mtu akiwa amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kukimudu, na haisemi kuwa mwenye cheti cha daktari amesamehewa.

Basi mfanyakazi aseme nini, na anyamaze nini? Tuchukue mfano wa mtu aliyeajiriwa katika kiwanda cha chai. Kazi yake ni kusimamia mashine ya kusagia majani. Amegundulika kuwa na kifafa, ameanza kutumia fenobabitali, na daktari amemwambia akae mbali na mashine zinazozunguka, asipande ngazi ndefu, mpaka mwili uizoee dawa na degedege zikome. Anaogopa mambo mawili kwa pamoja. Akisema ana kifafa, wenzake watamkimbia, kwa maana bado wapo wanaoamini kwamba ugonjwa huo unaambukizwa kwa mate. Asiposema, siku moja mkono wake utaingia mashineni.

Ushauri wetu ni kwamba amwombe daktari amwandikie barua fupi inayoeleza kazi asizoweza kufanya na kwa muda gani. “Mgonjwa huyu asifanye kazi karibu na mashine zinazozunguka wala mahali pa juu kwa wiki nane, kisha aonekane tena.” Kwa kawaida maneno hayo yanatosha. Mwajiri anahitaji kujua mipaka ya kazi ili aipange upya, na mara nyingi jina la ugonjwa halimwongezei kitu. Barua hiyo ipelekwe kwa afisa utumishi au kwa meneja mwenyewe, wala isisomwe mbele ya zamu nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na mwajiri aliyezipokea hana ruhusa ya kuzitembeza. Msimamizi anayetangaza kwenye foleni ya mshahara kwamba fulani anakunywa dawa za kifafa amevuka mpaka, hata kama alidhani anatania.

Tunasisitiza jambo hili kwa wagonjwa wa kifafa: usiache dawa ghafla kwa ajili ya hofu ya kazi. Kuiacha ghafla kunaweza kurudisha degedege kwa nguvu kuliko mwanzo, na zipo zinazofuatana bila kukoma mpaka mtu akafa. Dozi ikikusumbua, rudi kwa daktari aibadilishe.

Ikiwa huwezi kazi kabisa kwa muda, sheria imekuwekea likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo hiyo katika kila kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 za pili hulipwa nusu mshahara. Mwajiri anaweza kukataa kulipa ikiwa hukuleta cheti cha daktari, ile karatasi ambayo wengi tunaiita “ED”. Cheti hicho kinatakiwa kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, naye hapaswi kumkataa bila sababu ya maana. Tunawaheshimu waganga wetu wa tiba asili, lakini kabla ya kulala nyumbani wiki mbili kwa maagizo ya mganga, hakikisheni kwamba mna karatasi ambayo mwajiri ataipokea.

Hapa tunaulizwa sana na wachumaji chai na wengine wa kazi za msimu. Je, sisi tunaolipwa kwa kilo tuna likizo? Kanuni ya jumla ni kwamba mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Hata hivyo sheria haikuwaacha nje watu wa msimu: aliyeajiriwa kwa msimu ana haki hiyo, na aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa na kupita miezi sita, naye ana haki. Kwa hiyo tunzeni vile vikaratasi vya kupimia chai. Wengi huvitupa jioni ile ile. Siku ya shauri, ndivyo vitakavyoonyesha kwamba ulikuwapo Februari, ukawapo Mei, ukawapo Novemba.

Sasa tuseme habari ya kupimwa. Mwajiri mwenye mashine, magari au kemikali anaweza kuwa na sababu ya haki ya kutaka kujua kama mfanyakazi yuko timamu kwa kazi, na sheria ya usalama kazini inautambua uchunguzi wa afya. Lakini kipimo cha haraka cha mkojo kina upofu wake. Kodeini ya hospitali huweza kuonekana kama jamii ya afyuni. Diazepamu na fenobabitali nazo huonekana katika vipimo vinavyozitafuta. Kipimo hakijui kama dawa iliandikwa na daktari au ilinunuliwa kichochoroni. Hilo linajulikana kwa karatasi. Kabla hujatoa mkojo, eleza kwa maandishi dawa unazotumia, onyesha cheti cha dawa, pakiti yenye jina lako na risiti ya famasi. Baki na nakala. Matokeo yakikukuta na kitu, omba kipimo cha maabara cha kuthibitisha kabla ya uamuzi wowote. Ndiyo maana tunawasihi msihamishie vidonge kwenye karatasi ya daftari au kichupa cha zamani. Vikishatoka kwenye pakiti yake, vidonge halali na visivyo halali vinafanana.

Kwa upande wa bangi, alama zake hukaa katika mkojo siku kadhaa, na kwa mtumiaji wa kila siku huweza kukaa wiki nyingi, hata kama alipoingia kazini hakuwa amelewa. Anayesema “nilivuta Jumamosi, leo ni Alhamisi, nina akili zangu” huenda anasema kweli, lakini kweli hiyo haimtoi hatiani katika nchi ambamo kitu chenyewe kimekatazwa.

Wapo wengine ambao jamii huwahukumu mapema, nao ni wale walioachana na heroini na wanatumia methadoni. Methadoni ni dawa halali, hutolewa na serikali kila siku mbele ya mhudumu. Huduma hiyo ilianzia Muhimbili mwaka 2011, na kwa upande wetu inapatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mtu huyu amefanya lile ambalo sote tulimtaka alifanye. Akiomba kupangiwa zamu inayompa nafasi ya kunywa dawa yake asubuhi, anaomba matibabu kama anavyoomba mwenye kifua kikuu, na mwajiri anayemfukuza kwa sababu hiyo tu asidhani kwamba sheria iko upande wake.

Na ikiwa umefukuzwa? Sheria inamtaka mwajiri awe na mambo mawili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Kuumwa si kosa la nidhamu. Pale ugonjwa unapomfanya mtu asiweze kazi yake, kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze kwanza: je, hali hii ni ya muda au ya kudumu? Je, kazi inaweza kurekebishwa, au ipo kazi nyingine? Naye mfanyakazi asikilizwe. Sheria inakataza pia ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu na kwa sababu ya Virusi vya UKIMWI. Akikushtaki kwa kosa la nidhamu, upewe maelezo ya tuhuma, upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na uruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Katika mashamba na viwanda vya kilimo, chama ambacho wengi wanakijua ni TPAWU. Ulinzi huu dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumfikii aliye chini ya miezi sita kazini kwa mwajiri huyo. Tunalisema hilo waziwazi ili mtu asisafiri bure.

Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa mkoa wetu iko jijini Mbeya. Hujazwa fomu namba moja, na muda wake ni siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara wa likizo ya ugonjwa usiolipwa, yana siku 60. Tunawaomba mzishike tarehe hizo. Tumeona watu wenye haki tupu, wenye vyeti vyote, waliokaa miezi mitatu wakimsubiri meneja apoe hasira. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda akieleza sababu nzito, lakini “nilikuwa nambembeleza bosi” imekuwa sababu dhaifu mara nyingi. Tume ikiona kwamba uliachishwa isivyo haki, inaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia. Watumishi wa umma, wakiwamo walimu na wauguzi, huanza na njia ya rufaa iliyowekwa katika sheria ya utumishi wa umma kabla ya kwenda kwingineko.

Mtatuuliza, na yule kijana aliishia wapi? Mama yake alimpeleka hospitali. Daktari alimpiga picha ya mgongo, akambadilishia dawa, akamwandikia mazoezi na barua ya kazi nyepesi. Kichupa hakikuingia kiwandani. Maumivu hayajaisha yote, na hatutawadanganya kwamba dawa ya hospitali huondoa kila maumivu. Kuna usiku ambao bado hukaa kitako mpaka jogoo wawike. Lakini kazi anayo, na anapoulizwa anatumia nini, anatoa karatasi.

Mwenye dawa nyumbani asiyoijua ilikotoka, anaweza kuionyesha kwa mfamasia au kuuliza katika ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iliyoko Mbeya, ambako daftari la dawa zilizosajiliwa linafahamika. Sisi tutabaki hapa chini ya mti mpaka saa tisa alasiri. Mwenye cheti, pakiti au barua ya mwajiri aje nayo tuisome pamoja. Mwenye swali asilotaka lisikiwe na jirani, tumemwomba Mtendaji atuachie chumba chake.